Waya Usio na Alama: Kumuaga Mzee Abdiqani Gelle

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kituo chetu cha Vibali vya Mifugo, Mzee Abdiqani Gelle anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekuwa msaidizi wake kwa miaka sita, na kwa sababu Jumatatu nitakaa kwenye kiti chake. Nikisema ninaandika kwa furaha tupu nitakuwa nasema uongo. Ninaandika kwa furaha, na kwa hofu.

Mzee Abdiqani alizaliwa Griftu na akaajiriwa hapa Garissa mwaka 1994 kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 2003, wenzake waliizunguka kwa mbali kana kwamba inauma. Yeye aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga, ikawaka. Kuanzia siku hiyo ikawa kila chenye waya ni chake. Vumbi la Garissa mnalijua. Alilipuliza kutoka kwenye mashine zetu kwa pampu ya baiskeli, na pampu hiyo ingali ipo kabatini, imeandikwa jina lake ili isiazimwe.

Kuna safari moja ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisimulia. Tuliisikia kwa dereva. Ofisi ya Takaba iliripoti kwamba kompyuta yao imekufa. Mzee akasafiri siku mbili, akafika, akakuta plagi imechomolewa na mahali pake pamechomekwa chaja ya simu. Hakucheka wala hakumuuliza mtu. Aliomba chai, akawaambia watu wa ofisi wapumzike nje kidogo, akairudisha plagi. Kwenye ripoti aliandika: “Hitilafu ya umeme, imerekebishwa.” Ndivyo alivyokuwa. Kosa la mwenzake alilifunika.

Kazi yake kubwa ni mtandao huu unaounganisha kompyuta zetu zote na seva, ile mashine inayohifadhi mafaili ya kila mtu. Kila waya aliutia alama kwa rangi, mstari na nukta, kama mfugaji anavyomtia ngamia wake chapa. Akiona waya usio na alama alikuwa akiuliza, “Huyu ni wa nani?” Kisha akaandika kwenye daftari jeusi namba ya kila waya na unakokwenda. Hapa ofisini mtu akibishana husikia: daftari la Gelle halikosei. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo, na imani hiyo ilitugharimu miezi miwili.

Mwezi wa tisa tuliihamishia seva kwenye chumba chenye ubaridi. Tangu hapo mafaili ya pamoja yakaanza kujivuta. Bi. Sadiyo wa dirisha la vibali akitaka kufungua orodha ya mifugo iliyo chini ya karantini, alikuwa akisubiri dakika nne. Langoni malori yamejaa mbuzi, jua limewaka, madereva wanapiga honi. Tulilaumu kampuni ya intaneti. Tukatafuta virusi, tukafuta picha za zamani, tukaongeza nafasi kwenye diski. Mambo yakabaki vilevile.

Mkuu wetu, Bwana Mursal, akaamua. Ikiwa hali haitabadilika kufikia Jumatano ya wiki hii, vibali vitaandikwa kwa mkono bila kuitazama orodha. Kila mfugaji anajua maana yake. Mnyama mgonjwa mmoja akipita langoni kwetu, zizi la mtu huko mbele linakwisha. Na mimi ndiye ningeanza kazi na aibu hiyo. Usingizi ulinipotea, sioni haya kusema.

Ijumaa iliyopita Mzee alitega mtego. Wanaume walipokwenda sala ya Ijumaa na kompyuta zao zikazimwa, mimi na Bi. Sadiyo tulibaki, nikanakili faili moja kubwa kutoka kwenye seva huku nikiangalia saa. Dakika kumi na moja, sawasawa na siku ambayo ofisi imejaa. Basi tatizo halikuwa wingi wa watu. Jumatatu tukanakili faili lilelile ndani ya seva yenyewe, likamalizika kufumba na kufumbua. Nikaiunganisha kompyuta yangu na seva moja kwa moja kwa waya mfupi: sekunde chache. Seva ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa njiani.

Jumanne nilisimama mbele ya swichi kubwa, kisanduku ambamo nyaya zote hukutana. Taa zote zilikuwa za kijani, maana yake mwendo wa kasi, isipokuwa ya namba kumi na nne. Hiyo ilikuwa ya rangi ya chungwa, na chungwa ni mwendo wa pole. Hakuna aliyeijali, kwa kuwa daftari lilisema kumi na nne ni printa ya Bi. Sadiyo, na printa haina haraka. Nikauchomoa waya wake. Printa ikaendelea kutoa karatasi. Zikapigwa kelele ofisi nzima kwamba mafaili yamepotea. Niliurudisha haraka.

Nilichukua ngazi, nikaufuata waya ule hadi juu ya dari. Humo nikakuta swichi ndogo ya zamani, imefunikwa na vumbi, na seva yetu ilikuwa ikipitisha kila kitu humo, kundi zima la ng’ombe kwenye mlango wa banda la kuku. Waya wake haukuwa na alama. Ulikuwa umefungwa kwenye boriti kwa kipande cha kikoi cha buluu, na kikoi hicho nilikijua. Tulikiona kiunoni mwa Mzee miaka mingi.

Nilishuka nikiwa na hofu zaidi kuliko nilivyopanda. Utamwambiaje mtu wa rika la baba yako, siku tatu kabla ya kuagwa, kwamba shida ni yake? Alikuwa anakunywa chai. Nilimpita mara tatu. Mara ya nne nikamwita ami kwa lugha ya kwetu, “Adeer, kuna waya kwa dari haina alama.” Akaniuliza kama kawaida yake ni wa nani. Nikamwambia umefungwa kwa kipande cha kikoi cha buluu. Akavua miwani, akaenda kwenye ngazi mwenyewe. Tuliishika ngazi watu watatu, tukimwombea.

Aliposhuka alikuwa na kile kipande cha kikoi mkononi. Akatueleza kwamba mwaka 2013, wakati wa kampeni ya chanjo, aliiweka swichi ile kwa muda, ili meza moja ya ziada ipate mtandao. Kampeni ikaisha, meza ikaondoka, printa ikahamishwa, na yeye akasahau; mwezi wa tisa, tulipoihamisha seva, tukaichomeka kwenye waya uleule bila kujua. Ningekuwa mimi, ningeandika “hitilafu ya umeme” nikanyamaza. Mzee alikwenda dirisha hadi dirisha. Kwa Bwana Mursal alisema, “Walaahi, hii daftari imekosea, na ni mimi nimeandika. Kampuni ya intaneti nimelaumu bure.” Kisha akanigeukia, akaniita dada: “Abaayo, kwa ile karatasi ya kuniaga, andika hiyo.” Nikamsihi. Akakataa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye hakutaka niyarithi maradhi yaliyofichwa.

Jumatano asubuhi, siku ya mwisho tuliyopewa, tulivuta waya mpya kutoka kwenye seva hadi namba kumi na nne ya swichi kubwa. Bi. Sadiyo akafungua orodha ya karantini, nayo ikafunguka kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya. Alipiga kigelegele hadi madereva langoni wakadhani kuna harusi.

Mzee amenikabidhi daftari jeusi. Mstari wa kumi na nne ameukata na kuuandika upya, na pembeni ameweka tarehe na jina lake. Ameniagiza nisiamini mstari wowote humo kabla sijaufuata waya wake kwa mkono wangu. Ni mistari arobaini na minane. Mpaka jana nilikuwa nimefika wa tisa, na yote tisa iko sawa. Hofu yangu bado ipo, lakini sasa najua pa kuipeleka.

Mzee Abdiqani, kituo kizima kinakushukuru, pamoja na wafugaji wasiokujua ambao mifugo yao ilisalimika kwa kazi yako. Mungu akupe afya, maziwa ya kutosha na wajukuu wasiogusa plagi. Tutakupigia simu kukujulia hali. Kuhusu seva, tutahangaika wenyewe kwanza. Asubuhi hii, kabla ya kumaliza wasifu huu, nimekwenda kuitazama taa ya kumi na nne. Ni ya kijani, na waya wake una alama yako. Nenda kwa heri, Adeer.

Kaaha, Idara ya Kompyuta