Bi Usikate na Mwavuli wa Nyuzi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha nyuzi cha kiwanda chetu cha masweta, mama yetu Bi Usikate anastaafu. Alikuwa bado na miaka miwili, lakini ameomba mwenyewe, na sababu tunaijua sote: mkono wa mumewe.

Kwa wageni wetu: uzi wa sufu hutoka kwenye rangi ukiwa mashada, yaani mizunguko mirefu iliyofungwa kwa vikamba. Ukianza kufuma na shada hivyo hivyo, utalia. Kazi ya Bi Usikate ni kulivika shada kwenye mwavuli, kile kifaa cha mbao kinachofunguka kama mwavuli usio na kitambaa, kisha kukunja donge huku kifaa kikizunguka. Na ukisogea pale na mkasi, ole wako! Kwake fundo hufunguliwa, halikatwi, hata wafumaji wakinung'unika mlangoni. Ndipo jina lilipotoka. Mimi ninayeandika nimefukuzwa chumbani mle mara nyingi tu, na bado nampenda.

Mwaka wake wa pili, kijana mpya wa chumba cha rangi alichoshwa na alama nyeupe ambazo vikamba huacha kwenye uzi. Akajifanya mjanja, akavikata vyote kabla ya kuchovya. Rangi ilikolea vizuri ajabu. Mashada, lo, yalitoka kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Msimamizi akaamuru yatupwe, na kijana ayafuate. Bi Usikate akaomba apewe vyote viwili, uzi na kijana. Mwavuli ulikuwa unakwama kila ukizunguka, basi akamwamuru kijana anyooshe mikono mbele, akamvika shada, akaanza kufungua. Wiki nzima walikaa hivyo, na mikono ikilegea, anakemewa. Hakuna uzi uliokatwa, kijana akabaki kazini, na kabla ya mwaka kwisha tulicheza harusini kwao.

Kijana huyo ndiye Mzee wa Rangi, aliyestaafu kabla ya mkewe. Mwaka jana alipata kiharusi, na mkono wa kulia hauinuki vizuri. Daktari anasema utarudi, mradi uinuliwe kila siku. Lakini Mzee ni bingwa wa visingizio, na mkewe hufika jioni akiwa hoi. Ndiyo maana anaondoka mapema. Inatuuma, tusifichane.

Mkono mtupu haulambwi, tukachanga. Saa ya ukutani aliikataa, akaomba gunia la mashada. Tukaona haya, tukamwongezea mwavuli wenyewe, umepigwa vanishi upya. Nao ameurudisha. Amesema mwavuli anao nyumbani, upande mmoja ni mzito kidogo, lakini utanyooka tu, utake usitake.

Asante kwa yote, mama. Tunawaombea afya na siku ndefu, wewe na Mzee. Vikamba vya mashada yote ya gunia tumevikata, ili kazi yenu isiishe upesi. Kwa mkasi huo, utusamehe.