Pale Mama Barafu Alipokaa

"Hayasomwi hayo, shemeji, msiba si mahakama," kaka mkubwa wa marehemu alisema Jumanne asubuhi, akiwa amesimama katikati ya chumba cha mbele na karatasi mkononi, na mume wa marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa kwa sababu viti vyote vilikuwa vimetolewa nje, akamjibu kwamba hataki mahakama, anataka mkewe asomwe kama alivyoomba. Kaka akasema mtu akifariki husitiriwa, havuliwi nguo mbele za watu, shemeji akasema aliyejisitiri miaka kumi na mmoja ndiye aliyechoka, wakaendelea hivyo mpaka chai ikaota utando, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Familia inawaomba radhi ndugu waombolezaji kwa kuanza na ugomvi, lakini katika historia hii palikuwa na jambo moja ambalo ndugu hawakukubaliana lisomwe, nalo mtalisikia likifika zamu yake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Barafu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba mwashi na mama mshona magunia, na alizaliwa mdogo sana, hata mkunga akaagiza asitolewe nje mpaka mwezi uishe, lakini mama yake alirudi kwenye magunia baada ya siku tisa, akiwa naye mgongoni.

Alianza darasa la kwanza Januari 1980, akamaliza la saba Novemba 1986, na alifaulu, ila mwaka huo baba yake alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia mgongo, ikapatikana ada ya mtoto mmoja tu, ikaenda kwa kaka mkubwa aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, naye marehemu akaweka daftari zake juu ya kabati, akasema ataendelea mwakani. Mwakani huo haukufika, na hakuwahi kumdai mtu yeyote kwa ajili yake.

Tarehe 5 Februari 1990 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kubwa, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu, kwanza kwenye kufua, kisha kwenye pasi, mwisho akawa kiongozi wa zamu, na wenzake wanasema alikuwa akilishika shuka gizani akakuambia limetoka wodi gani. Mchana alikula amesimama, kwa sababu alisema akikaa, miguu itajua kwamba inaruhusiwa.

Mwaka 1993 bomba kubwa la chumba cha kufulia lilipasuka, akaitwa fundi bomba, na fundi huyo akarudi mara tatu kwa bomba lilelile, mpaka msimamizi akauliza kama kijana huyu hajui kazi au anaijua kupita kiasi, na jibu likapatikana tarehe 10 Desemba 1994, marehemu alipofunga naye ndoa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa 1996, wa pili wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1999, na kitindamimba wa kike aliyezaliwa 2007. Huyo wa pili, dada wa kati, miguu yake na ulimi wake havikumtii tangu kuzaliwa, na mama yake alimbeba mgongoni mpaka alipofikisha miaka tisa, na baada ya hapo akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kila Jumatano, mpaka kituo cha watoto wenye ulemavu, kunyooshwa viungo. Watoto wengine wa kituo walikuwa wakikosa zamu zao kwa sababu mama zao hawakuweza mwendo huo, na kituo hakikuwa na gari.

Mwaka 2013 mkuu wa kituo aliomba watu wa kujitolea wapande mlima mrefu wenye barafu ya kudumu kileleni, ili watafute wafadhili wa kuwachangia watoto, na mfanyabiashara wa sabuni za jumla, aliyekuwa akiiuzia hospitali sabuni, akaahidi kununua gari zima endapo kitambaa chenye jina la kituo kitafikishwa kileleni na picha iletwe. Marehemu alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi, akajiandikisha. Kwa miezi minne alifanya mazoezi kwenye ngazi za hospitali, ghorofa tano, akiwa na furushi la mashuka mabichi kichwani, na madobi wenzake wakawa wanamuuliza kama anapanda mlima au anakwepa zamu. Mumewe alimpa viatu vyake vya mpira vya kazini, ambavyo mwongoza wapandaji alivitazama kwa heshima, akavirudisha kwenye mfuko, akamtafutia vingine.

Walianza safari tarehe 16 Septemba 2013, watu sita wa kujitolea, na siku ya nne, kwenye kambi ya mwisho, watano walikuwa wameshikwa na kichwa na kutapika, wakabaki huko, akaendelea yeye peke yake na mwongozaji na msaidizi wake. Alfajiri ya tarehe 20 walifika ukingoni mwa barafu, ukuta mweupe mrefu kuliko hospitali, unaodondosha maji polepole kama bomba lisilofungwa vizuri, na mwongozaji akamwambia kilele kimebakiza saa moja na nusu. Marehemu akakaa juu ya jiwe. Mwongozaji akampima mapigo, akamuuliza kama kichwa kinauma, kama anaona vizuri, na kila kitu kilikuwa sawa, hakuwa mgonjwa, hakuteleza, hali ya hewa haikubadilika.

"Nimechoka, baba," alimwambia. "Si leo tu. Kipeleke wewe."

Akatoa kitambaa kifuani, akampa, naye mwongozaji akaenda nacho mpaka kileleni, akakikandamiza kwa mawe, akakipiga picha, akarudi akamkuta palepale pamoja na msaidizi, mkono wake mmoja ameuvua glavu na kuuweka juu ya barafu. Hilo ndilo jambo lenyewe, ndugu waombolezaji, marehemu hakufika kileleni.

Mwongozaji aliituma picha kwa simu kabla hawajashuka, na waliokuwa kituoni waliona kitambaa na mawe na anga, wakapiga makofi, hakuna aliyeuliza nani amekibeba, na marehemu aliporudi alikuta watu wamejaa uani, mfadhili ameshatangaza gari, watoto wanamwita Mama Barafu, na binti yake amevalishwa gauni la manjano. Alikusudia kusema kesho, na kesho ikazaa kesho. Kila mwaka siku ya wafadhili aliombwa asimulie, naye alisimulia vizuri, viatu vya mpira, baridi, ukuta wa barafu, kisha akasema, "Basi, baadaye tukashuka," na watu wakacheka wakidhani ni unyenyekevu. Hakusema amefika, wala hakusema hakufika, na mumewe anasema kila aliporudi kutoka kwenye siku hiyo alilala na viatu.

Gari hilo linafanya kazi mpaka leo, linachukua watoto kumi na wanane, siku nne kwa wiki.

Februari 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akadhani ni kusimama, na mwezi Mei madaktari wakagundua figo zake zimeshindwa, akaacha kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ileile, akilala juu ya mashuka aliyoyajua kwa mishono yake, na hata hapo aliwahi kumwita dobi mmoja akamwonyesha pindo lililopigwa pasi upande mmoja. Tarehe 2 Juni 2024, mumewe na kitindamimba wakiwa kando ya kitanda, aliwasimulia habari ya jiwe lile, ambayo hata mumewe hakuijua, akaagiza, "Mkiandika habari zangu msinipandishe. Mniache pale nilipokaa." Alifariki dunia Jumatatu tarehe 17 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Mfadhili wa gari yupo hapa, ameketi pamoja nasi tangu asubuhi, na anasikia habari hii kwa mara ya kwanza. Familia inamwomba radhi kwa niaba ya marehemu, haina la kumrudishia. Inafaa pia mjue kwamba kaka mkubwa ni msimamizi wa ghala la mfadhili huyohuyo kwa miaka ishirini, ana watoto shuleni, na aliposema hayasomwi hakuwa akimtetea marehemu peke yake, alikiri hivyo mwenyewe jana, mbele ya shemeji yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, madobi wa zamu zote mbili waliokuja kumfulia nyumbani bila kuitwa, majirani waliopika na kutuachia vyumba vyao, mkuu wa kituo na walezi, na mwongoza wapandaji, ambaye amesafiri siku mbili, na alipoulizwa kwa nini hakusema miaka yote hiyo, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Mama, umesimama vya kutosha, sasa kaa, upumzike kwa amani, na miguu ijue kwamba imeruhusiwa.

Mistari hii ya mwisho imeongezwa leo. Mpaka saa tatu asubuhi kulikuwa na karatasi mbili, moja yenye kilele na moja isiyo nacho, na kaka mkubwa alikuwa ameshika ile yenye kilele mfukoni. Jeneza lilipotolewa chumbani lilikwama kwenye kona ya mlango, wabebaji wakaanza kuvutana, wa mbele wakisema inua, wa nyuma wakisema shusha, na dada wa kati, ambaye kiti chake kilikuwa kimewekwa kando ya kizingiti, na ambaye neno moja humchukua muda mrefu kulitoa, akaushika mkono wa mjomba wake asiuachie. Wote walisimama kumngoja. Alipomaliza kusema, kaka mkubwa aliitoa karatasi mfukoni, akaichana, akaomba hii, na ndiye mnayemsikia akiwasomea sasa. Pale mlangoni dada alisema, "Mjomba, msimvute, mama amechoka."