Walipokuja Kubomoa Orofa Yangu

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu, hata ninyi mlioketi huko nyuma karibu na mlango. Mimi ni Rispa, fundi wa kushona. Wengi mnavaa nguo zangu hapa.

Nina nyumba kando ya barabara ya Sigalagala. Chini ni duka langu na chumba changu. Juu walikuwa wakikaa wasichana sita, wanafunzi. Leo nakiri mbele yenu: ile orofa niliiongeza bila ramani kupitishwa. Fundi wa mawe aliniambia nguzo zitabeba, nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Jumatatu moja wakaja wakaguzi watatu wa majengo na mkebe wa rangi nyekundu. Wakachora X ukutani. Mkubwa wao akasema, "Mama, Alhamisi tunabomoa yote. Toa vitu."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ni hiyo X."

Ndugu zangu, nililia! Nikapiga magoti kando ya cherehani, na sikuomba vizuri. Nilimwomba Mungu awavunje wale watu miguu.

Jioni akanipitia Dada Nekesa wa kwaya yetu, yule karani wa mahakama. Hakunipa pole nyingi. "Dada, Katiba inalinda mali yako," akasema. "Kukagua wanaweza, lakini lazima wakupe sababu kwa maandishi na wakusikize kabla ya kubomoa. Tuandike barua. Wakikataa, tunaenda kortini."

Kesho yake niliipeleka barua mwenyewe ofisini kwao, nikadai muhuri kwenye nakala yangu. Alhamisi nikakaa mlangoni toka asubuhi na ile nakala mkononi. Yule mkubwa akaja, akaisoma mara mbili, akapiga simu, akaondoka. Haleluya!

Wiki iliyofuata nikapewa notisi yenye sababu, na siku ya kusikizwa. Nikaruhusiwa kuleta mhandisi wangu. Nilimleta nikiwa na hakika atawaaibisha. Akagonga nguzo ya nyuma kwa nyundo ndogo, saruji ikamwagika kama unga. Ndani, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu.

"Mama Rispa," akaniambia, "hawa watu walikosea utaratibu. Kwa hii nguzo wako sawa. Wasichana watoke leo."

Nilikuwa nimewalaani watu walioona hatari ambayo mimi nililala chini yake miaka mingi! Siku hiyo hiyo mliwapokea wale wasichana nyumbani kwenu, Mungu awabariki.

Kwenye kikao nilisema yote, hata habari ya ramani. Wakaamua orofa iondolewe, na ya chini ibaki nikijenga nguzo upya. Yule mkubwa akasema mbele ya wenzake, "Mama, ile siku ilinipasa kuja na karatasi." Nami nikamwomba msamaha, ingawa hakujua ni wa nini.

Mafundi walipoanza kutoa mawe ya juu, nguzo ya nyuma ilikatika yenyewe, ngazi ikaanguka nayo. Ngazi ile wasichana waliipanda kila asubuhi na mitungi ya maji. Hakuna aliyeumia. Hakuna!

Namshukuru Mungu aliyenitetea, kisha akanionyesha ukweli. Kama kuna aliyechorewa alama ukutani, asikimbie na asijifiche. Tuonane baada ya ibada, Nekesa atatusaidia kuandika barua. Dai haki yako yote, ndugu yangu. Halafu muite mhandisi, na umtumaini Bwana hata akikupa jibu usilolitaka.