Bastola Upande wa Pili wa Kitanda

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, mbele ya duka la kinyozi, na wenyewe ni walewale: Kamanda, aliyelinda benki mpaka akastaafu, Profesa, kinyozi mwenyewe, asiyekosa jibu, na Spana, fundi wa magari. Asubuhi hiyo kahawa ya Kamanda ilikuwa imepoa mkononi. Jana yake binti yake alimtembelea. Wakiwa sebuleni wanaongea, mjukuu akatokea chumbani ameshika bastola ya babu kwa mikono miwili, ina risasi ndani, akauliza ni ya nani. Binti akaichukua taratibu, kisha akasema mtoto hakanyagi tena mle ndani maadamu kile kitu kimo. Kamanda hana mjukuu mwingine, na tangu mkewe afariki, hana mgeni mwingine.

— Umekosea kuiweka chini ya mto wa kulalia, — Profesa alisema. — Itie kwenye debe la unga.

— Halafu atupikie uji wa risasi? — Spana akadakia. — Iweke darini, kaka.

Kamanda akasema goti lake halitaki ngazi. Profesa akahamia kisimani: ifungwe kamba, ining'inie humo. Spana akamzidi, akataka izikwe uani na juu yake vipandwe vitunguu. Mwizi akija, aombwe asubiri kidogo. Wakacheka mpaka wakapaliwa. Kamanda alijaribu kucheka nao, ikashindikana.

Nesi aliyehamia mtaani juzijuzi alikuwa pembeni akisubiri muuza kahawa ammiminie kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Mzee, mle ndani unamlinda nani?

Kamanda aliipitia nyumba yake na vyumba vyake kichwani, kimoja kimoja, asikute mtu. Akafika kwenye kitanda, upande aliokuwa akilala mkewe, ambako sasa hulala bastola.

— Simlindi mtu, — alisema. — Kazini, zamu ikiisha, nilikuwa natoa risasi mwenzangu akiona, bunduki inafungiwa kabatini, risasi kwenye kasha lake. Nikarudi nyumbani nikayatupa yote hayo. Nilitaka tu usiku nikinyoosha mkono niguse kitu.

Nesi alimwambia kituo cha polisi hupokea silaha ya mtu asiyeihitaji tena. Kamanda akasema anajua, kibali cha kuimiliki alikatia hapohapo. Akainuka, akakaa tena.

— Nisindikizeni, — akasema. — Kuitoa risasi na kuipeleka naweza. Kurudi mle ndani ikiwa haipo, peke yangu siwezi.

Profesa alikuwa na wateja wawili wanaosubiri. Akawaomba radhi, akafunga duka.