Jioni Breki Alipotumwa Kusikiliza

Benchi letu liko nje ya duka la matairi la Filiberto, hapa Belen, New Mexico, upande unaopata jua la asubuhi. Hapo tunakunywa kahawa kabla ya kazi, mimi na wenzangu watatu: Delfino, tunayemwita Jaji kwa kuwa anahukumu kila kitu, Onésimo, yaani Chumvi, maana hakuna habari asiyoikoleza, na Baltazar, au Breki, anayeendesha gari kama anasindikiza bibi harusi. Ila mwezi uliopita Breki aliendesha amelewa, akavamia uzio wa shamba la pilipili. Hakuumiza mtu. Hakimu akamnyang'anya leseni, akamwamuru pia aende akawasikilize watu waliofiwa kwa sababu ya madereva walevi. Alikwenda jana jioni. Leo kaja kwa miguu.

— Wale wanalipwa, bwana, — Chumvi akamchokoza. — Machozi ya mshahara yale.

— Hawalipwi hata senti.

— Basi ni dawa, — Jaji akadakia. — Ukilia, pombe inatokea machoni. Ndiyo maana wanawaliza.

— Na mlangoni kuna mashine, — Chumvi akaongeza. — Usipojaza kikombe cha machozi, unarudi tena.

Tukacheka. Breki akatabasamu kidogo, asituvunje moyo tu.

— Alisimama bwana mmoja, Casimiro, — akasema. — Mkewe alitoka kununua unga wa mahindi wa kupikia tamale, akagongwa. Kamwachia binti mdogo. Jamaa hajui kusuka. Kila asubuhi anajaribu, mtoto anafika shule nywele zimefumuka, mwalimu anamsuka upya.

— Aliwatukana? — nikamuuliza.

— Afadhali angetutukana. Aliongea taratibu, kama tunavyoongea hapa. Tulipotoka akatushika mkono, mmoja mmoja.

— Ukamwambia nini?

— Pole. Nikasikia mwenyewe ilivyo ndogo.

Rosenda, ambaye Filiberto kamuoa juzi tu, alikuwa ametoka na birika kutuongezea kahawa. Akasimama nalo mkononi.

— Samahanini, mashemeji, mimi mgeni. Siku ile alikuwa anakunywa na nani?

Jaji akamwangalia Chumvi. Chumvi akaangalia barabara. Ulikuwa ubatizo wa mjukuu wake Chumvi. Sisi ndio tuliokuwa tunamjazia Breki glasi, na alipowasha gari tulisimama uani tukampungia mikono.

— Niliondoka mwenyewe, shemeji, — Breki akasema. — Hawa hawamo.

Hilo ndilo lililotuchoma. Rosenda akamimina kahawa, akarudi ndani.

Chumvi akamgeukia Breki, safari hii bila kukoleza chochote.

— Casimiro anaongea tena lini? — akauliza.

— Mwezi ujao.

— Asiye na kesi anaruhusiwa kuingia?

Breki hakujua. Jaji akainuka, akatoa funguo za gari lake.

— Twendeni mahakamani tukaulize. Breki, kaa mbele.