Wimbo wa Kumbembelezea Mgonjwa

Ndani ya treni, fundi cherehani mmoja alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya binti aliyeketi kando yake, ikidundiwa ngoma za kompyuta kama harusini.

“Mwanangu, anayeimba hapo ni mimi,” alisema. “Nilikuwa nambembeleza mume wangu, hajiwezi kitandani. Mtoto wa dada yangu, ambaye ni mpiga gitaa, akanirekodi mlangoni kimyakimya, akatia madude yake. Sasa watu wanakata viuno juu ya maradhi ya mume wangu.”

“Pole, mama. Mimi lakini siuchezi. Ndio wimbo unaomlaza mwanangu.”

Fundi aliikazia macho ile simu. “Huyo kijana angeniomba tu. Mdomo si anao?”

Treni ikasimama. Binti akashuka na simu yake, wimbo ukiendelea, na fundi akabaki na hasira zake.