Josepha Ishengoma, Mpima Ardhi Aliyenunua Ndege

Marehemu Josepha Ishengoma alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, tarehe 19 Machi 1964, siku ya Mtakatifu Yosefu, na jina likawa limeshapatikana kabla hajamaliza kulia. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mwalimu Alexander Ishengoma na Ma Wilhelmina Kokulinda, waliolima migomba na kahawa. Ma Wilhelmina, ambaye tunaye hapa leo, anasema mtoto huyu hakutambaa. Alikaa akiwatazama wenzake wakitambaa, kisha siku moja akasimama.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu na sekondari ya wasichana mjini Bukoba. Mwaka 1984 alijiunga na Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, kusomea upimaji. Huko ndiko alikoonyeshwa picha za nchi zilizopigwa kutoka angani, na katika mojawapo akaitambua milima ya kwao ikishuka kuelekea ziwani. Alimwambia mwenzake wa dawati, "Hapa nitapaona kwa macho yangu." Hakusema lini.

Alipangiwa kazi ofisi ya ardhi Mwanza mwaka 1987, na mwaka 1999 akafungua kampuni yake ya upimaji, yenye ofisi Kirumba. Nyumba nyingi zilizokaa juu ya mawe ya Ilemela zina mipaka aliyoitembea kwa miguu yake. Watu walimwita Mama Bikoni. Wako waliong'oa bikoni zake, yale mawe ya mipaka, usiku ili wajiongezee kiwanja. Asubuhi walimkuta amesharudi na vifaa vyake, anasalimia kwa heshima zote, anazirudisha palepale.

Tarehe 14 Julai 1990 alifunga ndoa katika Parokia ya Kirumba na Bwana Mhoja Chenge, mfugaji na mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Misungwi. Walijaliwa watoto wawili, Elias na Rachel. Ilikuwa ndoa ya wabishi wawili waliopendana, na majirani wa Kiseke, walikojenga nyumba yao, ni mashahidi wa yote mawili.

Mwaka 2015, akiwa na miaka hamsini na mmoja, Josepha alikwenda Nairobi kujifunza urubani. Alirudi na leseni, akaanza kutafuta ndege. Hakutaka kuukuu. Alitaka mpya, ya injini moja na viti vinne, yenye vioo vya kompyuta mbele ya rubani, na injini inayotumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa, kwa sababu petroli ya ndege ndogo ingebidi iletwe Mwanza kwa mapipa.

Benki ya kwanza aliyoingia, afisa mikopo alimuuliza, "Mama, mradi huu utaingiza nini?"

"Hauingizi. Ni chombo changu cha kutembelea. Mlinikopesha gari, nikatembelea, nikalipa."

"Kwa nini usichukue mabasi mawili?"

"Kwa sababu sitaki mabasi."

Walitaka nyumba ya Kiseke iwe dhamana, na kwa hilo sheria ilihitaji ridhaa ya mume. Bwana Mhoja alikataa. Josepha hakugombana naye. Aliuza viwanja vyake vya Kisesa, akaweka rehani jengo la ofisi lililokuwa mali ya kampuni yake, na kampuni moja ya kukodisha mitambo ikakubali kumlipia sehemu iliyobaki, arejeshe kwa miaka saba. Ukoo wa Bwana Mhoja ukaitisha kikao. Kaka mkubwa, Mzee Yeremia, ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wengi:

"Shemeji, ng'ombe huzaa. Ndege huzaa nini?"

"Shikamoo shemeji," alijibu Josepha, maana siku hiyo walikuwa hawajasalimiana. "Nawe una ng'ombe mia tatu. Huwapanda ukaenda wapi?"

Kikao kilivunjika kwa kicheko cha akina mama, na Mzee Yeremia, aliyetuomba jambo hili lisiachwe, anakiri kwamba naye alichekea mlangoni.

Ndege ilitua Mwanza tarehe 11 Mei 2018. Kuwa nayo hakukuwa lelemama. Kulikuwa na bima, pango la banda la kuiegesha, ukaguzi wa kila mwaka, na kipuri kimoja kilichosubiriwa miezi minne hadi majani yakaota mbele ya mlango wa banda. Josepha hakulalamika mbele ya mtu. Aliitumia kukagua kazi zake, na kila mwezi alivuka ziwa kwenda Bukoba kumwona mama yake. Siku alipompandisha Ma Wilhelmina kwa mara ya kwanza, mama alishika rozari macho yamefumbwa, hata akaambiwa wapo katikati ya maji. Akafumbua, akachungulia chini muda mrefu. "Kumbe ziwa nalo lina ng'ambo," alisema, akaiweka rozari mkobani.

Mwaka 2021 mvua kubwa ilimkatia njia akitoka Bukoba, akageuza na kutua Chato. Simu ilikuwa imeisha chaji. Mjini ikavuma kwamba Mama Bikoni ameanguka ziwani, na wapo waliosema wazi kwamba alijitakia. Kesho yake Josepha alivaa gauni lake jekundu, akaenda soko la samaki la Mwaloni saa watu wamejaa, akanunua sato mmoja tu, akimbishania bei kwa sauti kubwa. "Nani mwingine anataka kunizika?" aliuliza.

Bwana Mhoja miaka yote hiyo hakupanda. Alimsindikiza hadi geti la uwanja wa ndege, akasubiri garini.

Februari 2025, mwezi mmoja baada ya kumaliza deni la ndege, Josepha aligundulika katika hospitali ya Bugando kuwa na saratani ya kongosho. Alirudisha mwenyewe cheti chake cha afya cha urubani kabla hajaulizwa. Ndugu walikutana tena: ndege iuzwe, apelekwe India. Wengine walisema ndege ndiyo iliyomla. Josepha aliwasikiliza hadi mwisho.

"Daktari ameniambia wazi kilichoko India. Ni kitanda kingine. Mimi ninacho hapa, na dirishani naliona ziwa. Na ugonjwa huu unawapata hata wasiomiliki baiskeli. Ndege yangu msiisingizie."

Jumamosi ya tarehe 5 Julai aliomba apandishwe. Rubani Winnie, aliyekuwa akisaidiana naye kuirusha kazini, ndiye aliyeshika usukani. Josepha alikuwa amekonda kiasi kwamba alihitaji kubebwa hadi kwenye kiti, na aliyembeba ni mumewe. Alipomaliza kumfunga mkanda, Bwana Mhoja hakushuka. Alikaa kiti cha nyuma.

Walipita juu ya Busisi, kule ambako Josepha alikuwa akingoja kivuko miaka yote, wakaliona daraja jipya limelala juu ya maji. Wakazunguka hadi malisho ya Misungwi. Bwana Mhoja akaona kutoka juu boma alimozaliwa, na njia za ng'ombe zinazotoka pale kwenda mtoni, alizozikanyaga tangu utoto bila kujua zina umbo. Halafu akasema:

"Josepha, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku, Baba Elias. Wewe ulikuwa unasikia bei."

Winnie anasema hakugeuka nyuma, ila alisikia mzee analia.

Josepha alifariki nyumbani Kiseke, Jumapili tarehe 21 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Familia inawajulisha wote waliokwisha kupiga simu kuulizia: ndege haiuzwi. Rachel ataisimamia na Winnie ataendelea kuirusha. Bwana Mhoja ameagiza jambo hili lisomwe mara mbili. Ndege haiuzwi.

Marehemu ameacha mume, mama mzazi, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu zake wa Kamachumu na mashemeji wa Misungwi. Wapo watakaosema alitaka makuu. Alitaka, akafanya kazi, akalipa, akayapata.

Pumzika kwa amani, Josepha. Mungu akupokee ulivyo, asikupunguze.